Koma Iliyomla Kifaru

Jumatatu, 7 Julai

Ukungu hadi saa nne. Baridi ya kupasua midomo. Siku njema kabisa! Nimempata Kifaru wa Radi.

Alitoka kwenye pakiti ya mwisho. Simu ikatetemeka, kadi ikageuka, dhahabu tupu! Nikapiga kelele. Mke wangu, Mama Mburu, akaja mbio kutoka jikoni akidhani nimeanguka. Nikamwambia nimesoma habari nzuri kuhusu kahawa.

Mchezo unaitwa Himaya ya Radi na huchezwa kwenye simu. Mtu hukusanya kadi, huchagua zile atakazozipanga kuwa kitita, kisha kitita chake hupigana na cha mwenzake mpaka ngome moja ianguke. Mchezo ni bure, wanasema. Bure kama mlango wa duka ulivyo bure. Ukishaingia, kadi nzuri zimo ndani ya pakiti, pakiti hununuliwa kwa vito, na vito hununuliwa kwa pesa. Mimi ni mwalimu mstaafu wa Kiswahili. Sinunui vito. Nilinunua dawa ya ng'ombe. Ndivyo anavyojua Mama Mburu, na kwa kweli ng'ombe ana afya nzuri.

Mchana nikaenda hotelini kwa Beth kunywa chai na kumwonyesha Bipin. Bipin ana duka la sare za shule hapa Nyeri, mji alikozaliwa, na hunishinda kila tunapocheza kwa sababu moja tu: yeye hununua pakiti kama anayenunua mandazi. Alimtazama Kifaru wangu, akasema ati hata yeye yuko na hiyo, tena mbili. Akaongeza kwamba Kifaru mkononi mwangu ni sawa na cherehani mbele ya kuku. Hoteli nzima ikacheka. Beth alicheka mpaka akamwaga maziwa.

Damu ikapanda. Nikamwita tupambane Jumamosi mbele ya watu, kwenye mashindano ya mchezo huu kule Chaka. Nikishinda, atabadilisha bango la duka lake, SARE MZURI YA SHULE, ambalo limeniumiza macho tangu nilipokuwa na meno yote. Akakubali upesi mno. Akasema naye akishinda atachukua jina langu. Jina gani? Mwalimu! Hoteli nzima itamwita yeye Mwalimu, na wa kwanza kumwita hivyo, kwa sauti, nitakuwa mimi.

Nikakubali. Sijui kwa nini. Naam, najua. Sare MZURI!

Jumanne, 8 Julai

Nimewaza tangu asubuhi. Nani ananiita Theuri mjini hapa? Benki na dada yangu. Wengine wote, hata kasisi, hata makanga wa matatu wanaotukana kila mtu, huniita Mwalimu. Nikipokonywa jina hilo nitabaki mzee mwenye koti.

Sitapokonywa. Ujumbe umefika kutoka kwa Wendy, mwenye duka la simu Chaka, ambaye ndiye mwandalizi wa mashindano. Naunakili ulivyo, Mungu anisamehe:

*wachezaji wote jumamosi ni kadi ya zamani hapana ya mpya kujeni mapema chai iko*

Hakuna nukta. Hakuna koma. "Kadi ya mpya"! Nilihitaji kuketi.

Lakini maana ni jambo kubwa, kwa kuwa mchezo una miundo miwili. Katika muundo wa zamani, hutumiwa kadi za matoleo ya nyuma, na za mwaka huu hufungiwa nje. Katika muundo mpya ni kinyume chake. Kifaru ni wa zamani. Je, ataingia uwanjani au hataingia?

Nilimchambua Wendy kama nilivyowachambua wanafunzi. Kanuni ni moja: "hapana" hukanusha kilichotangulia. Kadi za zamani? Hapana. Mpya. Weka koma baada ya "hapana" na sentensi inang'aa kama sufuria iliyosuguliwa kwa majivu. Tutacheza kadi mpya!

Bipin, bila shaka, ataisoma kama wanavyosema sokoni: nipe kubwa hapana ndogo. Atakuja na kadi za zamani. Atafungiwa nje. Nilicheka peke yangu chumbani.

Mama Mburu akashauri nimpigie Wendy nimwulize. Mwalimu wa Kiswahili ampigie muuza simu kumwuliza maana ya sentensi ya Kiswahili! Nilimwambia afadhali nile kadi zenyewe.

Alhamisi, 10 Julai

Siku ya kusaga.

Mchezo una kinu. Kadi usiyoitaka unaitia humo, inakuwa unga, na kwa unga huo unaunda kadi nyingine uitakayo. Biashara ya kikatili: unapeleka gunia, unarudi na kikombe. Nilianza na kadi za kawaida. Nikaja kwenye adimu. Nikafika kwenye zile nilizozikusanya tangu nilipopata simu hii. Kinu kilinguruma, unga ukajaa, na Malkia wa Ukungu, kadi mpya kali kuliko zote, bado alihitaji unga zaidi.

Nikamtazama Kifaru. Kifaru akanitazama.

Mchezo ukaniuliza kama nina hakika. Ukaniuliza tena. Nikabonyeza. Kwaheri, kifaru wangu wa Jumatatu. Ulikuwa hodari, lakini sarufi imekukataa.

Mama Mburu alinisikia nikisema nimemsaga kifaru. Akaja kunipima joto kwa kiganja.

Malkia wa Ukungu ni wangu! Kitita kipya chote! Sijabakiwa na kadi yoyote ya zamani isipokuwa zile za mwanzo, ambazo mchezo humpa kila mgeni na hazisagiki: mbuzi, mbuzi wengi, na mlinzi mmoja wa lango mwenye rungu.

Ijumaa, 11 Julai

Nilipita hotelini kupeleleza. Bipin alikuwa ameweka simu mezani, akipanga kitita chake waziwazi bila haya. Vifaru wawili mbele! Kadi za zamani tupu! Maskini. Nilimhurumia hata nikamlipia chai. Akashangaa. Beth akauliza kama nimepata mchumba.

Nilimwambia Beth kwa siri amwite fundi wa mabango aje Jumatatu, na rangi iwe nyekundu, na herufi N nitamchorea mwenyewe kwa chaki ili asikosee.

Nyumbani, tatizo dogo. Mama Mburu ameisifu dawa ya ng'ombe kanisani, na sasa jirani yetu Gatimu anataka jina lake. Nikamwambia ni ya kigeni. Akasema niandike. Nikaandika "Malkia wa Ukungu" kwa Kilatini cha kubuni. Gatimu akanishukuru sana.

Jumamosi, 12 Julai

Nitaandika yote, kwa kuwa nafsi haidanganywi.

Chaka kulikuwa na moshi wa nyama, vumbi na furaha. Wendy alikuwa amepanga viti nje ya duka lake na kuning'iniza televisheni ukutani ili watu waone kila pambano. Walikuwa wengi, vijana kwa wazee. Nilivaa tai.

Wendy akachukua simu yangu kukagua kitita. Akakunja uso. Akasema, guka, yaani babu kwa Kigikuyu, hii yote ni ya mpya, na mimi nilisema hapana ya mpya.

Nilimweleza. Kwa upole, kwa mifano, nikieleza kazi ya koma baada ya kikanushi. Alinisikiliza mpaka mwisho kwa heshima kubwa. Kisha akauliza koma ni kadi ya toleo gani.

Nikatafuta kiti.

Bipin alipoelewa nilichofanya, hakuweza kusimama. Alishika ukuta. Akauliza, ati Kifaru pia? Nikaitikia kwa kichwa. Kifaru pia. Alilia machozi ya kicheko, akanishika bega, akasema kama nataka tuahirishe yeye hana neno. Kuahirisha! Mbele ya watu! Nikamwambia nitapigana na nilicho nacho.

Nilikuwa na mbuzi.

Sijui nieleze vipi. Nilipanga kitita cha mbuzi na yule mlinzi wa rungu, na umati ulipoona kwenye televisheni mzee mwenye tai akituma mbuzi dhidi ya vifaru wawili, ukaingiwa na wazimu. Walianza kulia me-e-e! Kila mbuzi aliyekufa alililiwa kama jamaa. Kila mbuzi aliyepiga alishangiliwa. Kijana mmoja akapaza sauti, guka, chapa yeye! Mama mwenye kikapu cha karoti akasema hao mbuzi ni wa Kieni, hawaogopi ukame wataogopa kifaru? Na Bipin, kwa kuzoea ushindi, akacheza ovyo. Kifaru wa kwanza akaanguka. Wa pili akaanguka! Ngome yake ikabaki pigo moja tu ianguke. Mbuzi wangu wa mwisho alikuwa hai. Zamu ilikuwa yangu. Nilihitaji kumgusa tu kwa kidole.

Ndipo nikayasoma maandishi chini ya kadi.

*Mbuzi hii inapiga mara mbili.*

Nilikuwa sijawahi kuyasoma. Nani husoma kadi za mwanzo? Mbuzi HII! INAPIGA! Nikageukia umati. Nikawaambia mbuzi ni kiumbe hai, anapumua, anakula, na kwa hiyo ni mbuzi HUYU, ANAPIGA, ngeli ya A-WA, na kampuni yoyote inayouza pakiti kwa bei ile inaweza kumwajiri mtu wa kusahihisha. Wakapiga kelele, guka, wakati! Nikadhani wananishangilia. Nikaendelea hadi wingi: mbuzi HAWA, WANAPIGA.

Nilipogeuka, zamu ilikuwa imeisha. Bipin akagusa kadi moja. Ngome yangu ikaanguka.

Kisha kicheko ambacho nadhani kilisikika Nanyuki. Nami, sijui kwa nini, nikacheka pia, mpaka tai ikalegea. Wendy akaniletea chai na nyama, akasema tangu aanze mashindano hajawahi kuona mchezo mtamu hivyo.

Kisha Bipin akasimama mbele yangu, akaunganisha mikono nyuma kama mkaguzi wa shule, akangoja.

Nikasema. Kwa sauti. Mwalimu.

Jumapili, 13 Julai

Kasisi ameniita Bwana Theuri. Wameshamwambia. Nilitafuta mtu huyo nyuma yangu kabla ya kuitika.

Fundi wa mabango hataki kurudisha malipo ya rangi.

Jumatano, 16 Julai

Niliingia kwa Beth. Beth akauliza Mwalimu atakunywa nini. Nikafungua kinywa. Alikuwa akimwuliza Bipin.

Lakini! Bipin hakuwa na raha. Alikuwa na rundo la watu. Mama mmoja alitaka amwandikie barua kwa mkuu wa shule, yenye adabu lakini yenye kuuma. Mzee alitaka wasifu wa marehemu, usomwe kesho mazishini, na usitaje mke wa pili. Watu wa harusi walitaka awe mshereheshaji bila malipo, kama Mwalimu alivyofanya siku zote. Na mwisho msichana wa darasa la sita, ametumwa na mamake, akauliza "ukuta" una wingi gani.

Bipin akasema makuta. Msichana akamtazama. Bipin akasema mikuta.

Niliuma kikombe. Nilimwacha ateseke mpaka chai ikapoa. Kisha nikamnong'oneza msichana: kuta.

Ijumaa, 18 Julai

Bipin amekuja nyumbani! Na halua kutoka kwa mkewe, Jaya. Akaketi, akasifu ng'ombe, akakohoa. Akasema hawezi tena. Ati dukani hauzi hata soksi, kutwa ni barua na marehemu. Akanisihi: chukua jina yako.

Jina LAKO, nikamwambia. Akasema, unaona? Chukua!

Mama Mburu, aliyesimama mlangoni na birika, akanifanyia ishara kwa nyusi kwamba nipokee. Kila kitu kilikuwa mikononi mwangu. Ningesema asante tu.

Nikakataa. Mwalimu hapokei jina lake kwa huruma, na halua. Nitalishinda mbele ya watu. Bipin akashika kichwa. Akasema basi atashindwa kwa makusudi. Nikamwonya kwamba akifanya hivyo nitajua na ushindi huo hautahesabiwa. Na bango bado limo katika dau! Akaondoka akisema maneno ya Kigikuyu ambayo duka la sare halikupaswa kumfundisha.

Bahati iliyoje: Wendy ametangaza mashindano mengine, mara hii mjini Kutus. Na ili mtu yeyote asipotee tena, hakuandika; ametuma ujumbe wa sauti.

Sikuusikiliza. Sauti haina alama za uakifishaji, itawezaje kuaminiwa? Nimetumia akili. Wendy alichagua zamani Chaka, na watu walifurahi kupita kiasi. Mwandalizi mwenye busara harekebishi kilichofurahisha. Kwa hiyo Kutus pia ni zamani. Kadi zote mpya zinaingia kinuni leo, tukianza na Malkia.

Bipin amepiga simu nikiwa katikati ya kusaga. Alikuwa akipaza sauti: Mwalimu, ngoja, sikiza hiyo sauti kwanza!

Nimemwambia ni *sikiliza*. Kisha nikakata simu, nikaendelea.