Benchi la Mbele ya Lifti

Jumatatu, 3 Machi. Mwaka wa thelathini na nane ugenini. Saa nne asubuhi nimeshafika kwenye jumba la maduka, benchi la mbele ya lifti, kama kila siku tangu nistaafu kazi ya ukutubi maktabani. Kiyoyozi hakibagui mnunuzi na mtazamaji. Pembeni yangu Fundi Saa, mtu wa mji wetu. Tulivuka mpaka kwa lori moja.

Meneja kaja na habari mbaya: benchi litang'olewa, paletwe mashine ya kunasa midoli. Nikamwambia benchi hili lina wenyewe. Akasema haya, likipata wakaaji litabaki: kwa siku tatu binti wa ofisini atapita kila saa na kuandika wangapi wameketi.

Mpwa wangu kapiga simu kutoka nyumbani. Chumba chako kimepakwa rangi, mjomba unarudi lini? Nikajibu nina shughuli.

Jumanne, 4 Machi. Mkakati. Nimewaita wazee wengine watatu wa kwetu, wote kwa suti. Kazi yenyewe ni kukaa. Nani ashindwe kukaa?

Siku nyingine kila mtu hufika kwa saa yake na kumkuta mwenzake ameshaketi; leo tumefika pamoja. Binti akatokea. Fundi Saa akanikaribisha nitangulie, eti mimi ndiye mkubwa. La hasha, nikasema, mkubwa ni wewe. Tulivyolelewa, mdogo haketi mkubwa akiwa wima, na vyeti vyetu vya kuzaliwa viliungua pamoja na ofisi ya wilaya. Watatu wale nao wakasimama kutungoja. Binti akaandika sifuri. Mara nane.

Jumatano, 5 Machi. Nimekuja na ushahidi: mafuriko ya utotoni mwetu. Mimi nilibebwa mgongoni, yeye alikuwa anatembea. Fundi Saa akaapa kwamba alikuwa bado tumboni. Tumboni, nikamuuliza, na rangi ya mtumbwi uliotuokoa si uliniambia wewe? Akadai alisimuliwa na mama yake. Marehemu hahojiwi. Sifuri.

Binti katuonea huruma. "Babu zangu, si mkae tu?"

Tukamwambia suala linashughulikiwa.

Alhamisi, 6 Machi. Siku ya mwisho. Wale watatu hawakuja, miguu imewavimba. Nimeamua kula aibu na kukaa. Binti alipokunja kona nikainama. Fundi Saa naye, kumbe, ameamua vilevile. Macho yakakutana tukiwa nusu njia. Tukanyanyuka wote wawili na kuombana radhi. Sifuri.

Ijumaa, 7 Machi. Benchi halipo. Yamebaki matundu manne ya skrubu sakafuni. Fundi Saa aliyatazama, kisha akasema dirisha la chumba chake linaangalia ukuta. Hilo nilikuwa silijui. Miaka yote hii, na hana mpwa wa kumpigia simu.

Nikamwacha pale, nikapanda ofisini kumwona binti. Nilimsihi kwa maneno ambayo sikuwahi kumpa hata waziri. Akamwendea meneja. Saa nane vikaletwa viti viwili, nyuma ya nguzo, jirani na vyoo. Viti vizuri, vya mito.

"Karibu, kaka," akasema Fundi Saa. "Tangulia."

Nikamwambia hawezi kunizeesha kwa kiti cha mto.

Jumba limefungwa tukiwa wima. Kesho naja na picha ya darasa la kwanza: yeye yuko mstari wa nyuma, wa warefu. Hapo hachomoki.

Mpwa kapiga tena. Nimemwambia chumba ampe mwingine. Sitarudi.