Nafunga Mbele, Nakula Nyuma

Jumatatu, 22 Septemba 2025

Siku kubwa! Patron Girish, mwenye duka letu, ametangaza kwamba atafungua butike ya pili, kule mtaa wa Mbunya, hapahapa Bunia. Bidhaa zilezile: vitenge, sufuria, sabuni, chumvi. Anatafuta gérant, msimamizi wa kuiendesha. Atamtaja siku ya Diwali, sikukuu yao ya taa, kwa sababu kwao Jaipur, India, biashara mpya huanza na sikukuu hiyo.

Gérant! Meza yangu mwenyewe. Ufunguo shingoni. Watu wananiita Chef Delphin.

Kikwazo ni kimoja tu: Héritier, mwenzangu wa dépôt, ghala la duka. Anafika mapema, haibi, hasinzii. Mtu wa hatari sana.

Lakini leo nimeona njia. Mchana Patron hakugusa chapati. Nikauliza kama ni malaria. Akasema hapana, wameanza Navaratri, siku za mama-mungu wao Durga; yeye na mkewe, Madame Sarita, wanafunga mpaka ziishe. Akanieleza kwamba sikukuu zao zinafuata mwezi wa juu, unavyokua na unavyopungua. Ndiyo sababu kila mwaka zinahama.

Nikamtazama. Mtu mwenye duka zima la sufuria, na hataki kupika! Nilimheshimu kweli. Kisha wazo likaingia: nitafunga naye. Héritier atashindana vipi na tumbo tupu?

Jumatano, 24 Septemba

Nimemwambia Patron kwamba siye wawili tunafunga pamoja. Akanishika mikono. Akasema si lazima, kila mtu na dini yake, mimi Mkatoliki nibaki Mkatoliki. Nikasema moyo umenisukuma. (Ulinisukuma upande wa Mbunya, lakini hilo sikulisema.)

Madame Sarita akaniletea chakula cha wanaofunga. Viazi vya kukaanga na jira na chumvi ya mawe, ndizi, maziwa. Mchele hakuna. Ngano hakuna. Kitunguu hakuna kabisa. Nilidhani kufunga ni kufa. Kumbe viazi vya Madame ni vitamu kuliko nyama ya Noeli! Nikaomba sahani ya pili. Madame akacheka, akasema anayefunga haombi sahani ya pili.

Nyumbani: ugali wetu wa bugari, samaki wa chumvi wa makayabu, vitunguu kama majani ya miti. Kavira, mke wangu, akauliza kama dukani siku hizi wananinyima muda wa kula. Mdomo ulijaa.

Jumamosi, 27 Septemba

Balaa! Nyuma ya kituo cha motari, wale wa pikipiki za abiria. Mshikaki wa brosheti ya mbuzi mkono wa kulia, brosheti ya mbuzi mkono wa kushoto, na Héritier amesimama mbele yangu. Nikasema ni dawa. Akauliza dawa ya nini. Nikasema ya kufunga.

Hakunisema kwa Patron. Amefanya vibaya zaidi: ameanza kufunga yeye pia! Na yeye hajui habari ya viazi. Ni mtu wa chumba cha maombi. Huko wanafunga kavu, hata maji hawayagusi. Anabeba mifuko ya chumvi huku anaimba. Patron akamwambia apumzike kidogo. Mimi hajawahi kuniambia nipumzike! Labda kwa sababu nilikuwa nimekwisha kukaa.

Alhamisi, 2 Oktoba

Navaratri imeisha. Leo ni Dussehra, siku ambayo wema ulishinda uovu. Kwao wanachoma sanamu kubwa ya pepo mwenye vichwa kumi. Hapa Patron ametusimulia tu, amesimama katikati ya sufuria, mwiko ndio mshale, vifuniko ndivyo vichwa vya pepo. Alipoangusha cha mwisho, wateja walishangilia mpaka barabarani. Mama mmoja alisahau alichokuja kununua.

Mtu huyu akihubiri kwetu, kanisa litajaa.

Ijumaa, 10 Oktoba

Mdomo wangu, siku moja nitakushona!

Jana Patron alinieleza Karva Chauth. Siku hiyo mke anafunga kuanzia kabla jua halijatoka, bila maji, ili mume aishi miaka mingi. Mwezi ukichomoza, anautazama kupitia chekeche ya unga, kisha anatazama uso wa mume, na mume ndiye anayempa maji ya kwanza. Machozi yalinilenga. Nikasikia sauti inasema kwamba hata mke wa Delphin kesho anamfungia mumewe. Sauti ilikuwa yangu.

Patron akafurahi. Madame akafurahi mara mbili: basi Mama Ketsia (ndivyo anavyomwita Kavira, kwa jina la mtoto wetu) aje kwangu, tungoje mwezi pamoja!

Nikarudi nyumbani. Nikamweleza Kavira kwa unyenyekevu wote nilio nao. Alikuwa anachambua majani ya mihogo, sombe. Hakuinua kichwa.

“Baba Ketsia,” akasema, “ile mwaka tulikimbia Beni, mara ngapi nilikuambia nimekwisha kula? Chungu ilikuwa inatosha tu weye na mutoto. Ile haikuwa kufunga?”

Nilizikumbuka siku zile. Nilidhani hapendi mihogo.

Baadaye akasema atakwenda. Si kwa ajili ya gérant, na si kwa ajili yangu. Atakwenda kwa sababu mwanamke anayengoja mwezi peke yake, mbali na mama yake na dada zake, anahitaji mtu wa kungoja naye.

Na leo amefunga kweli. Nilipita sokoni mchana kumwangalia. Amekaa nyuma ya tomati zake, midomo mikavu, jua linamchoma, na bado anabishana bei kama jenerali. Nikaona haya. Nikanunua ndizi, nikala nimegeukia ukuta.

Jioni tukaenda. Madame alikuwa na sari nyekundu na hina mikononi; akampaka Kavira hina pia. Madame alikuwa amesimama dukani siku nzima bila tone la maji, na bado alikuwa anatuchekesha. Mimi nikikosa chai ya asubuhi nagombana na viatu.

Lakini mwezi? Oktoba ya Bunia! Mawingu. Mvua ikaja, ikaondoka, mawingu yakabaki. Hakuna aliyelalamika. Wanawake walikaa chini ya baraza wakazungumza. Madame aliuliza kwa nini sufuria zake ndogo hazinunuliwi. Kavira akamwambia kwamba mama aliyekimbia vita vya Djugu na watoto wake na wa dada yake anapika mara moja kwa siku. Sufuria ndogo ataifanyia nini? Auze kubwa. Na chumvi aipime kwa kikombe, na sabuni aikate vipande. Madame alikuwa anasikiliza kama mwanafunzi. Mimi sikusikiliza sana. Niliangalia mbingu kwa niaba ya wote.

“Iko pale!” Kavira ndiye aliyeuona kwanza.

Mwezi uliochongwa ubavu mmoja, kati ya mawingu mawili. Madame akautazama kupitia chekeche, akamtazama mumewe. Patron, mtu asiyepunguza bei hata kwa askofu, macho yalimlowa. Akamnywesha maji taratibu, kama mtu anayemwagilia ua.

Kisha chekeche ikaja kwa Kavira. Akautazama mwezi. Akanigeukia. Sijui aliona nini katika yale matundu madogo, lakini hakuondoa macho. Tangu tuoane sijatazamwa vile. Koo likakauka. Bilauri ilikuwa mkononi mwangu.

Nikanywa maji yote.

Kisha Madame akacheka mpaka akakaa chini na sari yake. Kavira akachukua jagi akajinywesha mwenyewe.

Jumamosi, 11 Oktoba

Leo nilitaka kusafisha jina langu. Patron alikwisha kuniambia kwamba Ekadashi maana yake ni siku ya kumi na moja, na ni siku ya kufunga. Nikaangalia kalenda: leo tarehe kumi na moja! Nikafunga. Safari hii kweli. Hata mate niliyameza kwa wasiwasi.

Madame, bado ana furaha ya jana, akaleta sambusa dukani kwa ajili ya wote. Za viazi na mbaazi mbichi. Za moto. Nikakataa kwa sauti kubwa, wateja wasikie, nikasema leo ni Ekadashi!

Patron akajikuna kichwa. Akanieleza polepole kwamba ni siku ya kumi na moja ya mwezi wa juu, si ya ukutani. Ekadashi ilipita wiki jana. Nyingine ni Ijumaa ijayo.

Alipomaliza kunieleza, Héritier alikuwa amekwisha kula sambusa yangu. Na ya akiba.

Ijumaa, 17 Oktoba

Ekadashi ya kweli. Nilisahau! Patron amenikuta na sahani ya mchele na maharage, vile vitu viwili hasa ambavyo leo hawavili. Akasema tu bon appétit, kula vizuri, akaendelea na kazi. Mtu muungwana kiasi hiki anachosha.

Kavira siku hizi kila jioni yuko kwa Madame. Wanazungumza nini? Mambo ya wanawake, bila shaka.

Lakini nimepata silaha ya mwisho. Assani, yule anayeleta vitu kutoka Uganda, ameniuzia carton ya fataki, zile baruti za sherehe. Patron mwenyewe alisema kwamba kwao Diwali bila fataki ni kama arusi bila ngoma. Nitamletea Jaipur yote hapa Bunia. Héritier atalia!

Jumatatu, 20 Oktoba

Diwali. Leo mwezi haupo kabisa. Nimeelewa sasa: taa zinawashwa siku ambayo mbingu ni nyeusi kuliko siku zote. Nani aliwaza jambo zuri hivi?

Taa zenyewe ni za udongo, ndogo kama kiganja cha mtoto. Amezifinyanga Mama Émilienne, aliyekimbia Djugu na sasa anaishi kwenye site, kambi ya waliokimbia vita. Kavira ndiye aliyempeleka kwa Madame. Leo amekuja na watoto wake kuona kazi ya mikono yake. Zilipangwa mbele ya butike, kwenye ngazi, juu ya ukuta. Giza lilipoingia tukawa tayari kuwasha.

Nikaona saa yangu imefika. Nikaleta carton. Nikaifungua mbele ya watu wote.

Kicheko cha Patron kikakatika. Akafunga kifuniko taratibu.

“Delphin, kwetu hii ni sauti ya furaha. Lakini hapa, batu bamekimbia hii sauti.”

Nikamgeukia Mama Émilienne. Alikuwa amemvuta mtoto kifuani, macho yake hayatoki kwenye carton. Na mimi, mimi niliyetoka Beni mbio na Ketsia mgongoni, milio ya risasi nyuma yetu! Nilisahau vipi? Nilitamani udongo unifunike.

Patron hakunigombeza. Alichukua ndoo, akamimina maji ndani ya carton mpaka ikalegea. Kisha akampa mtoto wa Mama Émilienne kiberiti, akamwomba awashe taa ya kwanza. Mtoto akawasha. Taa ikawashwa kwa taa. Hakuna kelele, ni mwanga tu unaotembea ukutani. Wapita njia walisimama. Motari walizima pikipiki zao. Nimeona sikukuu nyingi. Sijaona iliyojaa hivi bila sauti.

Baadaye Patron akasema kwamba gérant wa Mbunya lazima awe mtu anayejua watu wa Mbunya wanapika nini na katika sufuria gani. Nikasimama. Nikarekebisha kola.

Akasema: Mama Ketsia.

Nikaendelea kusimama. Watu wakapiga makofi. Nikapiga pia, kwa kuwa mikono ilikuwa tayari juu. Kavira hakushangaa vya kutosha. Alijua! Patron akamwambia achague mtu wa dépôt wa kwenda naye. Akamchagua Héritier. Nikamuuliza pembeni, kwa heshima, na mimi? Akajibu kwamba mtu wa dépôt lazima awe mtu unayeweza kumfukuza, na mimi hawezi kunifukuza.

Nimelifikiria neno hilo njia nzima. Nadhani ni la upendo.

Na niandike ukweli: Kavira alipokuwa anapokea ufunguo, taa zote zile chini ya uso wake, nilijivuna kama mimi ndiye niliyemzaa.

Alhamisi, 23 Oktoba

Leo kwao ni Bhai Dooj, siku ya dada na kaka. Madame alimpigia simu kaka yake Jaipur, akaona uso wake kwenye kioo, akapaka alama nyekundu paji la uso palepale juu ya simu. Alikuwa anacheka na kulia. Hata Héritier, aliyekuja kuchukua chumvi ya Mbunya, alivua kofia. Watu hawa wana siku ya kila mapenzi: ya mke, ya mume, ya kaka, hata ya giza.

Kisha Patron akaniambia jambo. Tarehe mosi Novemba, siku ileile ya Toussaint yetu, sikukuu ya watakatifu wote, mungu wao Vishnu anaamka baada ya kulala miezi minne. Akiamka, msimu wa arusi unafunguliwa.

Arusi! Arusi za Wahindi zinachukua siku nyingi, watu mamia. Nikauliza wanakaa juu ya nini. Patron akasema juu ya viti. Sikungoja kuuliza swali la pili. Nimekwenda parokiani nimekodi viti vyote, nimepita kwa Waprotestanti nimekodi na vyao, vyote nimevipeleka nyumbani. Héritier hajui kitu. Hahaa!

Jioni Kavira amerudi kutoka Mbunya amechoka, akaona mlango hautaki kufunguka. Akauliza ni arusi ya nani. Nikasema ya Wahindi. Akauliza Wahindi gani. Patron na Madame walioana zamani, na mtoto wao ana miaka sita. Nikamwambia kwamba anafikiri kama gérant. Mtu wa projet, wa mipango mikubwa, anatafuta viti kwanza, bibi arusi baadaye.

Amelala kwa jirani, yeye na Ketsia. Viti vimefika mpaka darini, kimoja ndani ya kingine, hakuna hata kimoja kinachotoka. Naandika nimesimama.