Lastiki Shingoni

Jumatatu, 3 Machi
Naongoza! Uvimbe wangu wa shingoni umepungua tena. Wa Mwalimu, jirani yangu wa kiti cha dripu, uko palepale. Sote tumo kwenye utafiti wa dawa moja ya saratani. Nikampa pole, moyoni nacheka. Cha ajabu, yeye alikuja kwa miguu yake. Mimi shemeji alinibeba kama gunia. Lakini kipimo ni kipimo! Mke wangu aliposikia habari, alilala fofofo, mara ya kwanza tangu niugue.

Alhamisi, 6 Machi
Nimejipima kwa futi yangu ya ushonaji. Balaa! Uvimbe umeanza kukua tena. Sitaki mke wangu aanze tena kulia bafuni, akidhani simsikii. Suluhisho: lastiki ya kiunoni, ile ngumu. Miaka yote nimebana vitambi vya watu, uvimbe utanishinda?

Jumatatu, 10 Machi
Aibu! Daktari kaona alama shingoni. Nikasema ni kola ya shati. Nilikuwa nimevaa fulana. Hakufoka. Akavuta kiti, akaeleza kwamba uvimbe kupungua ni dalili tu. Bado hawajui kama wanaopungua uvimbe ndio wanaoishi zaidi, na hilo hasa ndilo wanalolitafuta: watu waishi, tena waishi vizuri. Nikamuuliza kama mimi nitaishi. Akasema hajui. Niliogopa sana.
Mwalimu alisikia yote! Nikangoja anicheke. Akanimenyea chungwa. Sikuweza kulimeza.

Jumanne, 11 Machi
Nimemwambia mke wangu ukweli wote. Akasema yeye hakuolewa na uvimbe. Hataki tena kusikia vipimo, anataka kuniona nakula. Kumbe ni hilo tu! Nimeelewa kabisa. Furaha yake ni sahani tupu.

Jumapili, 16 Machi
Siku tano sasa sahani yangu inarudi tupu. Mke wangu anaimba jikoni! Chakula hakinipiti kooni, ila chini ya meza kuna paka. Leo mama watoto kamtazama sana, akasema paka huyu kanenepa ghafla. Nikasema ana mimba. Akanikumbusha kwamba ni dume. Kisha akanishika mkono, akakaa hivyo muda mrefu. Nadhani hajashtukia kitu. Kesho natafuta paka wa pili, huyu asinenepe peke yake.