Funguo Chini ya Dawati la Kiranja

Jumatatu, 3 Machi

Mwalimu Mkuu katangaza leo, chai ikiwa bado mdomoni: shule inatafuta mlezi wa maadili. Mchungaji atakuja Alhamisi kupita darasa la tano A, langu, na tano B. Anataka kuona ni nani anafundisha tabia ya Kikristo ikawaingia watoto. Atakayechaguliwa anapewa chumba chake. Chumba chenye mlango! Mimi miaka yote nasahihishia madaftari kwenye kona ya mipira na nyavu.

Mshindani ni mmoja, mwalimu wa hesabu wa tano B. Tunamwita Desimali, maana kila jambo lake lazima liwe na nukta. Nimempa mkono, nikamtakia heri. Sikumaanisha hata chembe.

Somo la leo: uaminifu. Kisicho chako usikiguse. Nimewaimbisha mpaka koo zikawakauka. Kiranja, binti asiyeacha jambo lipite hivi hivi, kauliza je, hata kama kimeanguka chini? Nikamjibu hata kikiangukia miguuni pako. Nikajiona mwalimu hasa.

Jumanne, 4 Machi

Mama watoto ameshampigia mama yake simu kuwa napata ofisi. Mama mkwe akauliza kama ina pazia. Nikasema bado sijachaguliwa. Mama watoto akaniambia mwanamume mzima hajisemei hivyo, akatoa kitambaa cha maua na kuanza kukata. Sasa nitarudi nyuma vipi?

Desimali anawafundisha wake wimbo wa upole. Nimepita dirishani kwao mara kadhaa nikijifanya natafuta chaki. Wanaimba vizuri. Roho imeniuma.

Jumatano, 5 Machi

Nimepata wazo. Uaminifu usiimbwe, uonekane. Mchungaji akiwa ndani, mtoto aokote kitu cha maana na kukirudisha kwa mwenyewe. Machozi, makofi, chumba.

Kitu gani sasa? Kalamu ni ndogo mno. Saa yangu ilikufa zamani. Lakini Mwalimu Mkuu ana funguo zake, zote pamoja, zimefungwa utepe mwekundu, na huwa anaziacha mezani akienda kupiga kengele. Nitaziazima tu. Kumwambia ni kumtia wasiwasi bure.

Alhamisi, 6 Machi

Laiti ningeumwa leo.

Asubuhi watoto wakinakili tarehe, niliinama karibu na dawati la Kiranja kama nafunga kamba za viatu, nikaziacha funguo pale chini. Viatu vyangu havina kamba.

Nikangoja. Hakuna aliyeokota. Waliofagia walifagia wakizizunguka. Kiranja alikaa kipindi kizima ameinua miguu.

Huko nje Mwalimu Mkuu anahangaika kutafuta funguo. Viti vya wageni vimefungiwa stoo, soda zimefungiwa ofisini. Mchungaji akapokelewa amesimama juani, akaingia kwangu jasho linamtiririka, akakaa kwenye benchi la watoto, magoti yamefika kidevuni. Mwalimu Mkuu nyuma yake, na Desimali naye kajileta.

Nikauliza darasa kwa sauti tamu kama kuna aliyeona chochote sakafuni. Nikawaambia watazame vizuri. Wakanitazama mimi.

Mchungaji akamuuliza Kiranja mbona ameinua miguu. Binti akasimama, akaeleza kwa adabu zote kwamba chini kuna funguo, wameziona tangu asubuhi, ila mwalimu aliwakataza kugusa kisicho chao. Mchungaji akauliza ni za nani. Akajibu kwamba hajui, ila aliyezitoa mfukoni na kuziweka pale ni mwalimu. Darasa zima likaitikia ndiyo. Sijawahi kuwasikia wakiitikia pamoja vile.

Mchungaji alicheka mpaka akavua miwani kujifuta. Akasema watoto hawa wamefundishwa uaminifu sawasawa. Moyo ukaniruka kwa furaha. Kisha akasema aliyebaki kufundishwa ni mwalimu.

Ijumaa, 7 Machi

Chumba kapewa Desimali. Kaniomba nimsaidie kubeba vitabu, nikabeba. Mlango wenyewe unalia ukifunguliwa. Nilifurahi kidogo.

Mama watoto hakunisema. Kaja na pazia lake, akalitundika kwenye kona ya mipira, akasema hata hapa panafaa. Nilitamani ardhi ipasuke. Bora angenisema.

Mwalimu Mkuu kaniamuru wiki ijayo nifundishe unyenyekevu, na Mchungaji atarudi kuangalia kama umeniingia mimi kwanza. Sawa. Safari hii sigusi cha mtu. Kiti kikubwa cha ofisini nitakiomba kwa mdomo wangu. Nimeshamwelekeza Kiranja: Mchungaji akiingia tu, anibembeleze mbele yake nikikalie. Nitakataa mara ya kwanza, nitakataa ya pili. Ya tatu nitakaa, kwa unyenyekevu.

Kiranja kauliza, je, Mchungaji akimuuliza nani kampanga, aseme nini? Nimemwambia asiwe na shaka, hataulizwa.