Mama Mkwe Kwenye Kipaza Sauti

Jumatatu, 4 Machi

Siku mbaya. Na ilianza vizuri!

Mimi ndiye mpiga tarumbeta wa kikosi. Alfajiri napuliza, jeshi linaamka. Lakini baridi ya siku hizi inapasua midomo, na kitanda changu kiko nyumba za makoplo, mbali na uwanja wa gwaride. Akili ni nywele, kila mtu ana zake. Mwezi uliopita nilijirekodi kwenye simu. Nikaichomeka kwenye kipaza sauti cha chumba cha tarumbeta, nikategesha saa. Simu inapuliza, mimi nakoroma. Mkuu wa kikosi mwenyewe alinisifu, eti siku hizi napuliza bila kukwaruza.

Leo simu ilipuliza vizuri tu. Kikosi kikajipanga. Ndipo ikaanza kuita, ikikatika inaanza upya. Uwanja mzima! Nikakimbia na kaptula ya kulalia, nikabonyeza ili niizime. Nikabonyeza kijani. Mama mkwe! Na waya bado umechomekwa.

Alitaka kujua paa lake linalovuja nitaliziba lini. Kisha akasema, kwa sauti iliyofika hadi jikoni, kwamba huyo mkuu wangu anayenifyekesha nyumbani kwake kila Jumamosi amwogope Mungu. Akafyeke mwenyewe, tumbo litapungua.

Mkuu hajawahi kunifyekesha hata jani moja. Nilimdanganya mama mkwe ili nisipande kwenye paa lake.

Mkuu alikuwa amesimama mbele ya gwaride. Shavu anasema hakutikisika, ila alilitazama tumbo lake. Shavu ni msaidizi wangu, askari asiye na tepe hata moja. Anazitamani zangu mbili tangu alipoletwa. Leo alikuwa na furaha isiyo ya kawaida.

Jumatano, 6 Machi

Nimefikishwa mbele ya Mkuu. Mlangoni sajenti-meja akaamuru nivue kofia na mkanda. Nikajua tayari cheo kimekwenda, nikaanza kuvua na shati. Akauliza naelekea bafu gani. Kumbe ni utaratibu: mshitakiwa huingia bila kofia wala mkanda.

Nikasomewa shitaka. Mwenendo unaoharibu nidhamu na utaratibu mwema wa jeshi. Niliuliza ni upi hasa: simu, kaptula au mama mkwe? Nikaambiwa ninyamaze.

Kisha Mkuu akauliza: nakubali aniamulie yeye, au nachagua mahakama ya kijeshi?

Nilipiga hesabu haraka. Tumbo lililotukanwa ni lake. Kesi ya nyani hakimu ngedere! Tena Shavu alishaninong'oneza nje kwamba mahakama ya kijeshi ni ya wanaume, mimi sitathubutu. Mkuu akaniuliza mara ya pili, polepole, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia. Sajenti-meja akakohoa. Nikasema mahakama, afande! Nilijiona mrefu.

Nyumbani mke wangu aliuliza swali moja tu. Wakininyang'anya tepe, nyumba je? Sikuwa nimeifikiria nyumba. Nyumba hizi ni za makoplo. Askari wa kawaida analala bwenini, na mkewe atajijua. Wangu atarudi kwa mama yake, chini ya paa linalovuja. Chakula kilinishinda.

Ijumaa, 8 Machi

Nimepewa ofisa wa kunitetea. Luteni wa afya ya kambi. Kazi yake mbu na vyoo. Nilimuuliza sheria kasomea wapi. Akasema hakusomea, ofisa yeyote anaweza kumtetea askari, na nikitaka wakili wa uraiani naruhusiwa, ila nimlipe kwa pesa zangu. Nikasema mbu wanatosha.

Akaniambia jambo lililoniua. Mkuu alikusudia kunipa karipio tu. Karipio! Mkuu anakaripia hata paka kabla ya chai! Nikasema basi turudi kwake. Akasema alishakwenda kuniombea. Jalada limeshapanda juu, na jalada la jeshi likipanda halishuki mpaka limalize ngazi.

Akanieleza mahakama yenyewe. Maofisa watatu ndio wanaoamua. Pembeni anakaa mwanasheria wa jeshi, anawaelekeza sheria, lakini hapigi kura. Sijaelewa. Anayeijua sheria hapigi kura, na wapiga kura wanamuuliza yeye! Kura zenyewe zinaanzia kwa mwenye cheo kidogo, ili asiwaogope wakubwa.

Hapo nilipata mwanga. Wa kwanza kusema ndiye anayefungua njia. Na mdogo wao ni luteni usu, juzi tu katoka chuoni. Nikimpata huyo, nimewapata wote. Mtetezi aliniona ninavyotabasamu. Akanionya nisithubutu kumsemesha mjumbe yeyote. Sawa. Sitasema neno.

Jumatatu, 11 Machi

Sikusema neno. Nilipuliza.

Luteni usu alipotokea tu, nilimpulizia saluti ya majenerali. Kambi nzima ikasimama wima. Wapishi na miko yao mkononi. Naye maskini alikuwa anakwenda chooni, akakauka katikati ya njia mpaka nilipomaliza. Nikampulizia tena akitoka. Mara ya tatu Mkuu mwenyewe aliruka kutoka garini, akapiga saluti, akawa anamtafuta jenerali kila upande.

Jioni nimeletewa habari. Luteni usu kaomba aondolewe kwenye kesi yangu. Nafasi yake kaingia mjumbe wa akiba, luteni wa michezo, mtu ambaye hakuna anayekumbuka kumwona akicheka. Tarumbeta nimenyang'anywa. Kapewa Shavu.

Mtetezi hakunikemea. Alikaa tu ameshika kichwa. Sijui kwa nini watu hawathamini heshima.

Alhamisi, 14 Machi

Mahakama! Ukumbi wa mikutano, meza yenye kitambaa cha kijani. Meja ndiye mwenyekiti, kulia kapteni, kushoto luteni wa michezo.

Kabla hawajaapa niliulizwa kama nina pingamizi dhidi ya mjumbe yeyote. Haki hii hata mtetezi aliitaja. Nikawapinga wote. Mwanasheria akataka sababu. Nikasema mwenyekiti ananitazama vibaya, kapteni hanitazami kabisa, na luteni hacheki. Wakatoka, wakarudi, pingamizi zote zimekataliwa. Sasa kapteni akawa ananitazama.

Sajenti-meja alieleza aliyoyaona. Shavu alieleza aliyoyaona na asiyoyaona. Shitaka lilitaja siku moja tu, na mtetezi akaanza kuwaonyesha kwamba kosa la asubuhi moja si tabia. Mwenyekiti alitikisa kichwa kukubali. Tulikuwa tunakwenda vizuri!

Ndipo nikamwita shahidi wangu. Mtetezi alinisihi nisimwite. Mimi niliona hakuna ofisa atakayebisha mbele ya mama mtu mzima.

Mama mkwe aliapa, akawasalimu, akamwambia luteni wa michezo kwamba amekonda. Mwendesha mashitaka aliuliza swali moja. Alijuaje kwamba saa ile mkwe wake hana kazi, mpaka akampigia? Mama mkwe akashangaa. Alfajiri si huwa amelala! Kila siku! Amemwambia mwenyewe: simu ndiyo inayopuliza, mama. Akanitazama kwa fahari, akawaambia wazee wa mahakama kwamba binti yake kaolewa na mtu mwenye akili.

Mtetezi alifunga jalada lake taratibu.

Mama mkwe akashuka, akamwona Mkuu amekaa nyuma. Akaniuliza, mbele ya wote, kama huyu ndiye wa kufyekesha watu. Nikasema hapana, mama. Hajawahi. Nilikudanganya kwa ajili ya paa. Mama mkwe alitazama chini. Nimekemewa na watu wengi katika jeshi hili, lakini pale niliona aibu ya kweli.

Nimepatikana na hatia. Adhabu: kuvuliwa ukoplo.

Halafu mwanasheria akasoma kwamba adhabu haitaanza mpaka brigedia aithibitishe. Kwa hiyo nimevuliwa, lakini sijavuliwa. Nimeuliza mara tatu na bado sielewi. Mke wangu kaelewa. Nimemkuta anashusha mapazia, macho mekundu. Shavu kapita kupima madirisha.

Alhamisi, 28 Machi

Jibu la brigedia limefika! Hatia imethibitishwa. Adhabu imepunguzwa: karipio kali, tepe zibaki.

Mtetezi anasema Mkuu mwenyewe ndiye aliyeniombea. Tangu siku ile ya gwaride anakimbia kila jioni, na suruali zake za zamani zimeanza kumwenea tena. Leo ameniita, nimevua kofia na mkanda tu, akanikaripia mpaka glasi mezani ikalia.

Kwa hiyo nimepata karipio lile lile ambalo ningepata tangu mwanzo, ila kali. Nimeshinda!

Tarumbeta nimerudishiwa, Shavu hanisemeshi. Mke wangu alilia na kucheka pamoja, akapanda kwenye kiti kurudisha mapazia. Akasema wazi kwamba ameogopa sana wiki hizi. Kisha akanisihi: tafadhali, kazi ya mdomo wako uifanye kwa mdomo wako. Nikaapa.

Jumapili, 31 Machi

Jana nimeziba paa la mama mkwe, leo nimerudi naye apumzike kwetu usiku mmoja. Mgongo unauma. Midomo imepasuka. Na baridi ya kesho inasemekana itazidi.

Nimeifikiria kesi nzima upya, kwa utulivu. Tatizo halikuwa simu kamwe. Tatizo lilikuwa mama mkwe kupiga. Na kesho hatapiga: anapanda basi alfajiri, tena simu yake imekwisha chaji, nimehakikisha mwenyewe.

Nimeshaichomeka yangu kwenye kipaza sauti. Mke wangu atamsindikiza mama yake kituoni, na kaniahidi kwamba basi likiondoka tu atanipigia, nisiwe na wasiwasi. Mke mwema. Nimeongeza mlio mpaka mwisho, nisije nikakosa simu yake.