Cheti cha Kuumwa

Jumatatu, 2 Machi

Tai hakuja kazini tena. (Namwita Tai kwa sababu ya kile anachofunga shingoni hata siku za joto, si kwa sababu ya ndege, ingawa pua yake inaruhusu maana zote mbili.) Salamu zake zilifika kwa simu: anaumwa. Nikawaeleza wenzangu wa chumba cha kusahihisha prufu, kwa utaratibu, kwamba neno hilo lina milango miwili. Mtu huumwa na tumbo, na mtu huumwa na mbwa. Sasa huyu kaingilia mlango upi? Wakainamia karatasi zao. Miaka yote hii ya kuwaelimisha!

Ijumaa Bosi anatangaza msimamizi mpya wa kiwanda chetu cha uchapaji. Tumebaki wawili, mimi na Tai. Mimi nakaribia kustaafu na sijawahi kuwa na chumba changu. Chumba cha msimamizi kina mlango, kina feni, na kina kioo cha kuwatazama wengine wakifanya kazi. Nakitaka kile chumba.

Nimepata wazo! Nilimshauri Bosi kwamba kila mgonjwa alete uthibitisho. Akaniambia mzee, andika. Nikaandika: Mfanyakazi anayeumwa alete cheti cha daktari. Fupi, safi, haina pa kuweka kalamu nyekundu. Imebandikwa ukutani kabla ya chakula cha mchana. Tai kwisha!

Jumanne, 3 Machi

Tai kaja na cheti. Cha kweli, chenye muhuri. Aling'olewa jino. Kamwonyesha pengo kila mtu, hata mlinzi wa getini. Bosi kampa pole kwa sauti ambayo mimi sijawahi kuisikia. Kisha Tai akanigeukia, akasema kwa ulimi mzito kwamba anamshukuru mzee wake kwa utaratibu huu, maana sasa hakuna wa kumsingizia. Mzee wake! Tumepishana umri kidogo tu.

Nyumbani mke wangu akauliza kama Ijumaa nitakwenda na sweta lile lile lenye viraka. Kauliza kwa upole, jambo baya zaidi. Ni kweli, Bosi hupenda watu nadhifu. Fundi cherehani anasema suti itapatikana Alhamisi, ila lazima niwepo mwenyewe asubuhi, maana mwili wangu, kwa maneno yake, haueleweki kwa kuelezwa.

Basi Alhamisi nitaumwa.

Jumatano, 4 Machi

Nimepita zahanati. Nikamweleza daktari dalili zangu: kizunguzungu, mgongo, baridi ndani ya mifupa. Akanipima kila panapopimika. Akasema mzee wangu, presha hii ningeiazima. Cheti hakuna. Nikamsihi aandike walau neno moja, uchovu. Akanijibu kwamba waliochoka wako nje kwenye foleni, nimpishe awaone.

Nimerudi nyumbani na afya njema na huzuni kubwa.

Halafu nikaikumbuka kanuni yangu. Inasema daktari. Haisemi daktari wa nani! Na shemeji yangu, kaka wa mke wangu, ni daktari wa mifugo. Nikamfafanulia mke wangu uzuri wa jambo hili kisarufi. Akaendelea kumenya vitunguu, akasema kaka yake hajawahi kudanganya hata ng'ombe.

Alhamisi, 5 Machi

Nikapiga simu kazini: naumwa. Aliyepokea ni Tai. Pole nyingi, nyingi mno. Akasema wananisubiri kwa hamu, mimi na cheti changu.

Suti imenikaa! Nikaenda nayo mwilini hadi kwa shemeji, naye aione. Akaisifu suti, cheti akakataa. Akasema, "Shemeji, mimi siandiki nisichokiona." Nikaanza kumweleza tofauti kati ya uongo na ufupisho. Katikati ya hoja huwa narudi nyuma kidogo. Nikarudi. Nikakanyaga mkia wa mbwa wake.

Mbwa hakungoja hoja iishe.

Suruali mpya! Na kilichokuwa ndani ya suruali! Nikapiga kelele, kisha nikanyamaza ghafla. Nikamuuliza shemeji: nimeumwa, sikuumwa? Akakiri nimeumwa. Umeona kwa macho yako? Kaona. Basi andika! Akanisafisha kidonda, akaniamuru niende nikachomwe sindano leo hii, akaandika, akagonga muhuri, akatia kwenye bahasha na kuifunga.

Zahanati nimemkuta daktari yule yule. Akanichoma sindano, akavuta kalamu aniandikie cheti. Nikamwambia asante, ninacho.

Ijumaa, 6 Machi

Nimeingia kazini nikitembea upande upande. Bosi akatukusanya wote. Nikaomba cheti changu kisomwe kwa sauti, na msomaji awe Tai. Nilitaka kimuume vizuri.

Akasoma polepole, akifurahia kila herufi. Mnyama aliyekaguliwa: mbwa dume. Tukio: kamuuma shemeji wa daktari, mwenye suti mpya, baada ya kukanyagwa mkia. Hali ya mbwa: hana kichaa, hana homa, anakula vizuri. Ushauri: mbwa apumzike, asisumbuliwe na maelezo marefu.

Wamecheka mpaka mashine zikazimwa. Bosi akajifuta macho, akauliza mbwa anarudi kazini lini. Kisha, bila kucheka, akauliza mgonjwa alikuwa na suti mpya kwa daktari wa mifugo akitafuta nini. Nikaanza kufafanua. Akasema mzee, kaa tu. Nikamwambia siwezi kukaa.

Msimamizi ni Tai. Mlango, feni, kioo, vyote.

Jumamosi, 7 Machi

Nimelala kifudifudi. Tai kaja kunijulia hali, na machungwa. Anasema Bosi anataka kanuni iandikwe upya, na kwamba hakuna mwenye lugha kama yangu. Machungwa matamu, nakiri.

Mke wangu kanishauri niongeze maneno mawili tu, wa binadamu, halafu niiweke kalamu chini. Nimeyaongeza. Lakini kalamu ilikuwa bado mkononi, nikaona pengo jingine. Wazi kabisa! Nimeandika: Mfanyakazi yeyote anayeng'olewa jino alete na jino lenyewe. Fupi, safi. Atalitoa wapi sasa? Jumatatu inabandikwa. Tai kwisha!

(Gego langu la kushoto limeanza kuuma tangu jana. Halihusiani.)