Uzinduzi wa Sindano Isiyouma, Rumonge

Mheshimiwa mwakilishi wa mkuu wa tarafa, mheshimiwa uliyemwakilisha mwakilishi huyo kwa kuwa barabara ya Bujumbura haipitiki leo, maofisa wa usalama mlioketi kivulini, Bwana Azzan mwenye duka uliyetuazima viti, Mama Mwanahamisi kiongozi wa wauza ndagala, dagaa wetu wa ziwani, wagonjwa wa akili pamoja na jamaa zenu, amahoro! (Makofi. Kiti kimoja kinavunjika.)

Mimi, Darius, Rais wa Komite ya Uendeshaji, Ufuatiliaji na Tathmini ya Sindano Bora, nasimama mbele yenu mwaka huu wa 1998, ambapo usalama umeimarika kiasi kwamba tumeanza hotuba asubuhi ili kila mtu awe kwake kabla bariyeri za askari barabarani hazijafungwa. (Mlio mkubwa kutoka milimani. Watu wote wanalala chini, Rais wa Komite akiwa wa kwanza.) Hiyo ni ngurumo ya mvua, tuendelee.

Ndugu wananchi, sindano ya kila mwezi naisifu, kwani inanyamazisha sauti vichwani mwa wagonjwa. Lakini inachomwa takoni, dawa yake ni nzito, panauma siku tatu, na baadaye, kwa mujibu wa taarifa zisizothibitishwa za wagonjwa wenyewe, shingo inakakamaa, mate yanatoka, mikono inatetemeka na miguu inakataa kutulia. Ndiyo maana tukabuni Mradi Jumuishi, Shirikishi na Endelevu wa Sindano Isiyouma. Wataalamu walipotueleza kwamba dawa hiyo huchanganywa na mafuta, nilisimama mwenyewe katikati ya semina nikauliza: Rumonge imekosa mafuta lini? Mawese si haya hapa! (Makofi. Elda, muuguzi wa zahanati, anashika kichwa.)

Matokeo yanajieleza: maumivu, asilimia sifuri, kutetemeka, sifuri, waliolalamika, sifuri nukta sifuri! (Vigelegele kutoka safu ya komite.)

Namwona mama pale nyuma amesimama. Sema, mama, kwa kifupi, na uanze kwa kushukuru.

("Murakoze, mukubwa. Ni miye Cibalonza, natoka Minago na kaka yangu, huyu Akonkwa. Sindano imemusaidia, hasikie tena zile sauti, hatutaki aiache. Lakini miguu yake haitulie. Juzi ku bariyeri musoda alimuambia asimame, yeye anakanyaga-kanyaga tu, na mikono haipande juu vizuri. Musoda akakoki bunduki. Nilipiga magoti, nikalia. Naomba karatasi moja tu, yenye muhuri, iseme ni dawa inamufanya vile.")

Ombi zuri, mama, tena umelipanga vizuri. Lakini fikiria unaniweka wapi! Nikiandika kwamba dawa inatikisa miguu, sifuri yetu itakwenda wapi? Ripoti imeshatumwa, nakala tano. Halafu huyu Akonkwa nimemtazama tangu nianze: wenzake wameketi, yeye yuko wima anapiga mguu kunisindikiza. Huo ndio uzalendo! (Kicheko cha komite. Akonkwa: "Nataka kukaa, mukubwa. Mwili ndio inakataa.")

Nahitimisha. Sindano bila maumivu! (Bila maumivu!) Mwili mtulivu, taifa tulivu! (Sauti mbili tatu.)

Namshukuru mfadhili wetu, ambaye tunaendelea kumtafuta. Fundi wa jengo, ambalo uwanja wake ndio huu mlioukalia. Wauguzi ishirini, ambao nafasi zao zitatangazwa. Na wagonjwa wote, kwa kuwa mradi huu haujamchoma hata mmoja wenu, wala haujawahi kuwa na sindano hata moja, na ndiyo maana takwimu zake ni safi. Sindano zinazowauma ni za zahanati ya Elda. Karatasi aombwe Elda.

(Elda: "Muhuri ya zahanati, ni weye ulikuja kuichukua, mukubwa, ya kufungulia mradi. Iko ndani ya mufuko ya koti yako.")

Muda hauko upande wetu, ndugu zangu. Wa Minago, tangulieni na baiskeli zenu. Mama Cibalonza, mkifika bariyeri, mwambie kaka yako asimame bila kutikisika. Murakoze cane!